Viti Vitatu Kando ya Moto

Mwanzo wa kipindi haukubadilika kamwe. Kamera ilipita polepole juu ya mji mdogo wa kuchezea, vijumba na vimiti vyake, mpaka ikafika kwenye kiatu kikubwa ajabu. Mwenye kiatu alimwomba mtoto ainue macho, kisha ainue zaidi, mpaka aone uso wa jitu lenye tabasamu. Halafu daraja la ngome likashuka, milango ikafunguka, na mkono wa jitu ukapanga viti mbele ya moto: kidogo cha mtu mmoja, kikubwa cha wawili kujikunyata pamoja, na cha kubembea kwa anayependa kubembea.

Nimewasikia watu wazima wa Kanada, wenye mvi na wajukuu, wakikumbushana ni nani aliyekuwa akichagua kiti kipi. Hawachekeani. Wanazungumza kama watu waliokulia nyumba moja.

Sisi tuliolelewa na hadithi za jioni tunaelewa upesi. Fanani haanzi kusimulia mpaka aite na aitikiwe. Viti vile vilikuwa wito wa namna hiyo. Mtoto aliyekuwa peke yake mbele ya televisheni alitengewa mahali pa kukaa kabla ya kuambiwa lolote.

Kipindi hicho, *The Friendly Giant*, kilianza kurushwa na CBC, shirika la utangazaji la umma la Kanada, mwaka 1958. Televisheni yenyewe ilikuwa na miaka sita tu nchini humo. Jitu lilikuwa Bob Homme, Mmarekani aliyekibuni kipindi hicho Wisconsin mwaka 1953 kabla ya kuvuka mpaka. Wenzake walikuwa wawili: Rusty, jogoo aliyeishi ndani ya mfuko ulioning'inia ukutani, na Jerome, twiga aliyechungulia dirishani. Wote wawili walichezeshwa na kupewa sauti na mtu mmoja, Rod Coneybeare. Homme alitayarisha muhtasari wa ukurasa mmoja tu, na mazungumzo yakazaliwa papo hapo. Ndiyo maana yalisikika kama maongezi ya marafiki barazani. Walisoma kitabu au wakapiga muziki, Homme mwenyewe akipuliza filimbi. Robo saa ilipokwisha, viti vilirudishwa mahali pake, daraja likainuliwa, mwezi ukatokea.

Aliyekaa muda mrefu kuliko hata jitu ni Ernie Coombs. Naye alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa Maine. Mwaka 1963 alifika Toronto akifuatana na Fred Rogers, ambaye CBC ilikuwa imemkaribisha atengeneze kipindi cha watoto. Rogers alirudi kwao Pittsburgh, na huko akaja kuwa mtu ambaye Marekani nzima inamjua. Coombs alibaki. Februari 1967 kikaanza *Mr. Dressup*, na kamera haikuzimwa kabisa mpaka Februari 1996, baada ya vipindi zaidi ya 4,000.

Katikati ya kipindi lilikuwepo sanduku kubwa lililopakwa rangi nyingi. Likifunguliwa, mlikuwa na kofia, joho, mkia wa simba, vazi lolote ambalo siku hiyo ililihitaji. Coombs alichora pia, kwa kalamu nene na bila haraka, huku mtoto akikisia mstari ule utakuwa farasi au mashua. Nyuma ya nyumba, juu ya mti, waliishi Casey na mbwa wake Finnegan, vikaragosi vya Judith Lawrence, mwanamke aliyetoka Australia. Finnegan hakuzungumza ila kwa kumnong'oneza Casey sikioni. Casey naye aliumbwa makusudi asijulikane wazi kama ni wa kike au wa kiume, ili kila mtoto ajione ndani yake. Waandishi wa Kiingereza walihitaji uangalifu katika hilo. Lugha yetu, yenye "yeye" mmoja kwa wote, ingelibeba bila jasho.

Tazama basi ni nani waliojenga utoto huu unaoitwa wa Kikanada: Wamarekani wawili na Mwaustralia mmoja. Coombs alichukua uraia mwaka 1994, miaka thelathini na moja baada ya kufika. Nalipenda jambo hili. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, maelfu yao walipokewa Kanada, na miongoni mwao walikuwemo watoto waliokijua Kiswahili cha sokoni na cha jikoni. Mtoto wa namna hiyo akiwasha televisheni asubuhi ya baridi, angemkuta mgeni mwenzake akizungumza taratibu, sentensi moja kisha nyingine, akimtazama machoni.

Ontario, kituo cha elimu cha jimbo kilikuwa na *Polka Dot Door* tangu mwaka 1971. Humo alitokea Polkaroo, kiumbe mrefu asiyejua kusema ila jina lake, na daima mtangazaji mmoja alikuwa ametoka kidogo, akamkosa. Quebec walikuwa na *Passe-Partout*, kilichoanza mwaka 1977. Hicho kilitokana na wizara ya elimu ya jimbo, iliyotaka watoto wa familia zisizo na uwezo wafike shuleni wakiwa tayari. Kiliingia ndani ya maisha ya watu kiasi kwamba hadi leo husemwa kizazi cha Passe-Partout. Jimbo hilohilo lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13, sheria iliyoanza kutumika mwaka 1980 na ambayo Mahakama ya Juu ya nchi iliithibitisha mwaka 1989.

Hapo ndipo ninapoona chanzo cha mapenzi haya. Watu hulilia utoto wao popote duniani, lakini Wakanada hawa wanakumbuka pia namna walivyotendewa. Fedha ya umma ilimlipa mtu mzima akae chini, achore simba kwa utulivu, asimuuzie mtoto chochote. Taratibu ile haikutokana na umaskini wa studio. Ilikuwa heshima.

Jitu liliondolewa hewani mwaka 1985. Coombs alifariki tarehe 18 Septemba 2001, katika wiki ambayo televisheni za dunia zilikuwa zimejaa moshi wa New York. Mwaka 2023 filamu ya maisha yake ilipigiwa kura na watazamaji wa tamasha la Toronto kuwa filamu bora ya hali halisi.

Rusty na Jerome walikuwa wamewekwa katika makumbusho ya CBC. Kisha wakatumiwa katika kichekesho cha sherehe ya tuzo za televisheni, na familia ya Homme ikaona wamedhalilishwa. Mwaka 2007 familia ikaenda ikawachukua. Wapo waliosema ni vitambaa tu, vya nini kukasirika? Mimi naielewa familia ile. Huwezi kumwambia mtoto kwa miaka ishirini na saba achague kiti, kisha umcheke kwa sababu alikaa.