Puto la Zurich, Sahani ya San Francisco

Septemba 16, 1977, mgonjwa wa miaka 38 alilala macho wazi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi, huku daktari akipitisha mrija mwembamba kutoka pajani kwake hadi kwenye moyo. Mmoja wa mishipa mikubwa inayoulisha moyo huo ulikuwa umebanwa na mafuta. Mrija ulipofika penye tatizo, puto dogo lililofungwa karibu na ncha yake lilijazwa, likautanua mshipa, likanywea. Likajazwa tena mara ya pili. Wapasuaji waliokuwa wamekaa tayari kufungua kifua mambo yakiharibika wakakosa kazi siku hiyo.

Daktari huyo alikuwa Andreas Grüntzig, Mjerumani mzaliwa wa Dresden. Maputo yake ya mwanzo hayakutoka kiwandani. Aliyatengeneza nyumbani, juu ya meza ya jikoni, pamoja na mkewe, msaidizi wake wa kazi na mume wa msaidizi huyo, kwa mirija ya plastiki, nyuzi na gundi. Hadi wakati huo, aliyezibikiwa mishipa ya moyo alitegemea zaidi upasuaji mkubwa ulioenezwa na Mwargentina René Favaloro kule Cleveland, Marekani, tangu 1967: mshipa huchukuliwa mguuni na kuunganishwa moyoni ili damu ipite pembeni ya kizuizi.

Mwaka huohuo wa 1977, mwanafunzi wa udaktari mjini Houston aitwaye Dean Ornish alikuwa na wazo jingine kabisa. Alichukua wagonjwa 10 wa moyo, akawalisha vyakula vya mimea na kuwafundisha kutuliza akili kwa muda wa mwezi mmoja. Wengi waliomsikia waliguna.

Ornish hakukata tamaa. Mwaka 1990 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti wake wa San Francisco uliohusisha wagonjwa 48. Waliopangiwa kubadili maisha waliacha nyama na samaki. Mafuta yalipunguzwa hadi kutoa takribani asilimia 10 tu ya nishati ya mlo. Kutoka kwa wanyama waliruhusiwa ute wa yai na kikombe kimoja kwa siku cha maziwa au mtindi usio na mafuta. Waliacha sigara, wakafanya mazoezi, wakakutana vikundini kutiana moyo. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa kubanwa kwa mishipa yao ulishuka kutoka asilimia 40.0 hadi 37.8. Wenzao waliofuata matibabu ya kawaida walipanda kutoka asilimia 42.7 hadi 46.1.

Wakosoaji walikuwa na hoja. Wagonjwa walikuwa wachache, badiliko lenyewe la mshipa lilikuwa dogo, na hakuna aliyeweza kusema ni mlo, mazoezi au utulivu uliofanya kazi. Lakini maumivu ya kifua yalipungua sana, tena bila kisu wala puto.

Puto nalo lilikuwa na kasoro yake. Takribani theluthi ya mishipa iliyotanuliwa ilibana tena ndani ya miezi michache. Dawa ya hilo ikawa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoachwa ndani kuushikilia mshipa. Jacques Puel aliweka ya kwanza moyoni mwa binadamu mjini Toulouse, Ufaransa, Machi 1986. Grüntzig hakuiona, alikuwa amefariki katika ajali ya ndege Oktoba 1985.

Stenti zikaenea duniani kwa kasi, hata kwa watu ambao kifua kiliwabana tu wanapopanda ngazi. Kisha tafiti kubwa zikaanza kuuliza maswali. Utafiti wa COURAGE, wa mwaka 2007, ulifuatilia wagonjwa 2,287 wenye ugonjwa uliotulia. Wote walipewa dawa na ushauri wa maisha. Nusu wakaongezewa stenti. Vifo na mishtuko ya moyo havikutofautiana. Utafiti wa ISCHEMIA, uliokuwa na wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, ulifikia hitimisho linalofanana mwaka 2020.

Kuna sababu. Mara nyingi mshtuko wa moyo hauanzii pale palipobana zaidi. Huanzia kwenye uvimbe wa mafuta usiozuia damu sana, ambao utando wake hupasuka kama jipu, damu ikaganda juu yake na kuufunga mshipa ndani ya dakika chache. Stenti hurekebisha sehemu moja. Dawa za kupunguza lehemu, mlo, mazoezi na kuacha sigara hugusa mishipa yote.

Hapo ndipo aina ya ugonjwa inapoamua. Mwenye mshtuko wa moyo hana muda wa kujaribu mboga: kuzibuliwa mshipa haraka huokoa maisha. Mwenye maumivu ya muda mrefu anaweza kupata nafuu kwa stenti, kama utafiti wa ORBITA-2 wa Uingereza ulivyoonyesha mwaka 2023, lakini ana nafasi ya kuanza na dawa na mwenendo mpya.

Njia ya Grüntzig leo inatumika hadi Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015. Mpango wa Ornish nao uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya matibabu yanayolipiwa na Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee.