Mwendo wa Gari Mbele ya Shule: Sheria na Njia ya Korbesa

Kanuni za kupunguza mwendo karibu na shule zilitungwa zikilenga miji na barabara za lami. Korbesa, makazi ya wafugaji Waborana katika eneo la Merti, kaunti ya Isiolo, zilifika zikiwa zimechelewa. Wakati wa ukoloni sehemu hiyo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambako mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na magari yalikuwa machache.

Sheria ya Trafiki ya Kenya ilipitishwa mwaka 1953. Mwaka huohuo Bunge la Uingereza liliwapa walinzi mamlaka ya kusimamisha magari ili watoto wa shule wavuke. Sheria ya Kenya iliweka kikomo cha mwendo, ambacho leo ni kilomita 50 kwa saa, ndani ya miji na vituo vya biashara. Kwa miaka mingi shule iliyojengwa nje ya mji haikutajwa humo.

Kaskazini, vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaingiza wafugaji wengi katika vijiji vilivyolindwa, Merti kikiwemo, na mifugo wengi wakaangamia. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 iliondolewa rasmi mwaka 1991. Eneo lililotawaliwa hivyo halikutarajiwa kupata alama za barabarani mapema, na ni haki kusema kwamba watoto wake walisahaulika pamoja na njia zao.

Mabadiliko yalikuja kwa kasi baada ya 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure na madarasa yakafurika nchini kote. Mwaka 2004 waziri John Michuki alilazimisha magari ya abiria kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Kisha pikipiki zikapunguziwa kodi, na bodaboda zikapenya hata mahali ambapo matatu haifiki. Lami ya Isiolo hadi Moyale ilipokamilika katika muongo wa 2010, ilipitia Archer's Post na Laisamis, ikaiacha Merti upande wa mashariki.

Mwaka 2017 marekebisho ya Sheria ya Trafiki yaliitaja shule waziwazi: mwendo wa magari karibu nayo ukawekewa kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na magari ya shule yakaagizwa kupakwa rangi ya manjano. Rangi hiyo ilichaguliwa Marekani mwaka 1939, katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Columbia, kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vizuri hata alfajiri.

Kikomo cha 50 bado ni kikubwa. Kwa mwendo huo gari hupita takriban mita 14 kila sekunde, kabla mguu wa dereva haujagusa breki. Kwa kilomita 30 hupita mita 8 hivi. Azimio la Stockholm la 2020 kuhusu usalama barabarani lilipendekeza hiyo 30 mahali ambapo watu na magari huchanganyika. Kwenye mchanga na changarawe tairi huteleza, na vumbi la lori lililotangulia humficha mtoto anayefuata mbuzi ng'ambo ya njia. Hapo dereva huanza kupunguza mwendo mbali na lango la shule, na hasubiri tuta limkumbushe. Vifungu vya Sheria ya Trafiki kuhusu kuendesha gari bila uangalifu vinamhusu kwenye barabara yoyote ya umma, iwe na alama au isiwe nayo.