Duara na Nukta

Kaburi liko Nyeri, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, na siku mawingu yakifunguka Mlima Kenya huonekana mbele yake. Mgeni asiyejua mambo ya skauti atasoma jina la Robert Baden-Powell kwenye jiwe na kuondoka. Mtoto wa miaka 12 aliyevaa skafu shingoni atainama kidogo, aguse kwa kidole duara dogo lenye nukta katikati, kisha awaambie wenzake maana yake: nimekwenda nyumbani.

Hiyo ni alama ya njiani. Kundi la skauti linapopita porini, waliotangulia huwaachia wa nyuma alama za mawe au vijiti, au huzichora mchangani. Mshale unaonyesha pa kupita, msalaba unakataza njia isiyofaa, na safari inapokwisha huchorwa duara lenye nukta. Kazi yake ilikuwa kumwondolea mwenzako wasiwasi: mimi nimeshafika kwetu, usihangaike kunitafuta usiku. Baadaye ikawa desturi, na mwishowe ikachorwa kaburini.

Nimeifuatilia historia ya skauti kwa miaka mingi. Kila ninapoichimba desturi yao moja, chini yake nakuta mtoto aliyepotea au aliyezama, na mara nyingine nakuta kitu cha mtu kilichochukuliwa na jina la mwenyewe likasahaulika.

Chanzo chenyewe cha skauti kilikuwa vitani. Kati ya Oktoba 1899 na Mei 1900, Makaburu waliuzingira mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kwa siku 217. Baden-Powell, aliyekuja kuianzisha skauti, ndiye aliyeongoza ulinzi wa mji. Askari hawakutosha, kwa hiyo wavulana wa mji walipewa sare na kazi ya kupeleka barua na maagizo, baadhi yao wakiendesha baiskeli huku makombora yakianguka. Baadaye aliyasimulia hayo kwa sifa tele, na wasomaji wa Uingereza wakayapenda. Mimi nikisoma habari za wavulana wale huwaza mama zao. Mtoto alitumwa kwenye mizinga kwa sababu wakubwa walikuwa wachache, na kutokana na hilo likazaliwa wazo kwamba kijana akiaminiwa, anaweza.

Wazo hilo lilijaribiwa Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Wavulana wapatao 20, watoto wa matajiri na wa wafanyakazi wakiwa pamoja, waligawanywa katika vikosi vinne: Fahali, Mbwa Mwitu, Kunguru na Sululu. Kila kikosi kilikuwa na kiongozi wake, kijana mwenzao. Hapo ndipo penye hekima kubwa kuliko zote za skauti, na kwa bahati mbaya ndipo wengi wanapopita haraka. Mkubwa mmoja hawezi kuwatazama watoto 30 kwa macho yake mawili. Kijana wa miaka 14 anaweza kujua wenzake watano au sita wako wapi, nani kachoka, nani hajala, nani kakata mguu akaficha.

Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala ambayo Baden-Powell aliitoa katika nchi ya Wandebele, kwenye vita vya 1896. Pwani tungeiita baragumu, na hakuna mtu wa Lamu au Pate ambaye angehitaji kuelezwa kazi ya pembe ya kuitia watu. Skauti wa Ulaya waliipokea kama kitu kipya. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa shanga mbili za mti anazovaa kiongozi wa skauti aliyehitimu mafunzo, desturi iliyoanza mwaka 1919 huko Gilwell, karibu na London. Shanga za kwanza zilifunguliwa kutoka mkufu wa Kizulu, ambao Baden-Powell alieleza kuwa ni wa mfalme Dinuzulu. Kwa Wazulu mkufu wa namna hiyo ulikuwa heshima ya shujaa aliyethibitika. Leo mwalimu wa Tabora au Machakos anavikwa shanga za namna hiyo kwa makofi mengi, na ni haki yake kuambiwa habari za Wazulu kabla ya kuambiwa habari za Gilwell.

Desturi nyingine ilileta ugomvi nyumbani kwetu. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Inaelezwa kwamba Baden-Powell aliipata kwa Waashanti wa Afrika Magharibi: mkono wa kushoto hushika ngao, na anayekupa mkono huo ameiweka ngao chini kwa sababu anakuamini. Bibi yangu hakutaka kuyasikia hayo. Nilipompa mkono wa kushoto siku ya kwanza nikiwa nimevaa skafu, aliurudisha wa kwake kwenye kanga akaniambia nikanawe kwanza, kisha nije nimwamkie kama mtoto aliyelelewa. Tangu hapo nilijifunza kuwasalimu skauti kwa kushoto na wazee kwa kulia. Nimewaona watoto wengi wa pwani wakifanya vivyo hivyo bila kuagizwa na mtu.

Kitabu cha Baden-Powell cha mwaka 1908 kilitolewa kwa vipande sita, kila wiki mbili kipande kimoja. Wavulana walikinunua kwa senti zao na kuanzisha vikundi hata kabla ya kupata mkubwa wa kuwasimamia. Mwaka uliofuata wasichana walijitokeza kwenye mkutano wa London wakiwa na kofia na fimbo kama kaka zao, na mwaka 1910 chama cha Girl Guides kikaanzishwa chini ya Agnes, dada yake Baden-Powell. Mambo yalikwenda mbio kuliko kanuni.

Tarehe 4 Agosti 1912, wavulana wa kundi moja la Walworth, mtaa wa watu maskini kusini mwa London, walikuwa ndani ya mashua ya matanga wakishuka mto Thames kwenda kupiga kambi Leysdown, katika kisiwa cha Sheppey. Kwa wengi wao bahari ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Walipokaribia kufika, upepo wa ghafla uliipiga mashua ikapinduka. Wavulana tisa walikufa maji, wanane wakiwa skauti na mmoja akitoka katika meli ya mafunzo Arethusa. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa jeshi la majini, alitoa manowari ya kurudisha maiti London. Watu walijaa barabarani kuyasindikiza majeneza mpaka makaburi ya Nunhead.

Kitabu cha 1908 kilikwisha kumtaka anayetafuta beji ya daraja la kwanza aogelee yadi 50. Lakini mtoto anayepanda mashua mara nyingi hajaifikia beji hiyo, na upepo haumuulizi. Mtu yeyote aliyewahi kuvuka mkondo wa Pemba mwezi wa Julai anajua kwamba mashua haijazwi watoto kwa kuangalia nafasi iliyobaki. Nahodha hutazama mbingu, hutazama matanga, kisha hutazama ni nani kati ya abiria atakayemshika mwenzake maji yakiingia. Leo kiongozi wa skauti hutakiwa kuyauliza hayo kabla ya safari, na kuyaandika.

Kwetu skauti waliingia mapema: Kenya mwaka 1910, Zanzibar 1912, Uganda 1915, Tanganyika 1917. Waliingia na sheria zao, ya nne ikisema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Wakoloni hawakuwa wameipima vizuri sheria hiyo walipoifundisha. Nchini Kenya wavulana wa Kizungu, wa Kihindi na wa Kiafrika waliwekwa katika vikundi mbalimbali, na mtoto wa Kiafrika aliyeikariri sheria ya nne aliuliza huyo ndugu yake yuko wapi. Katika shule huru za Wagikuyu vilizuka vikundi vya skauti visivyokuwa na kibali cha chama. Serikali ilivihofia, ikaanza kuilinda sare na beji kama inavyolinda sare ya askari. Kibali cha kiongozi, ambacho leo tunakihitaji ili kumjua anayekaa na watoto wetu, wakati ule kilitumika pia kuchagua ni Mwafrika gani aruhusiwe kuwa ndugu.

Baden-Powell mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938. Alikaa katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake. Alifariki tarehe 8 Januari 1941. Majivu ya mkewe, Olave, yaliletwa kuzikwa hapo baada ya kufariki kwake mwaka 1977.

Miaka 15 hivi baada ya mazishi ya Baden-Powell, si mbali sana na Nyeri, skauti walikuwa na kazi ambayo hakuna mwimbaji wa kambi anayeitaja. Huko Wamumu serikali ya kikoloni iliwaweka vijana waliokamatwa wakati wa Mau Mau, wengine wakiwa watoto hasa, na skauti ikawa sehemu ya malezi waliyopewa. Ahadi, sare na gwaride vilifundishwa kwa watoto waliotoka vizuizini. Siwezi kuisoma habari hiyo bila uchungu. Hata hivyo Geoffrey Griffin, aliyefanya kazi Wamumu, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kuanzisha kituo cha Starehe mwaka 1959 kwa ajili ya watoto wa mitaani Nairobi, na baada ya uhuru akaongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa. Wakenya nao waliichukua skauti wakaipa majina yao: watoto wadogo ni Sungura, wakikua ni Chipukizi, kisha Mwamba, na vijana ni Jasiri.

Jeraha kubwa kuliko yote lilifichwa ndani ya sare zenyewe. Mwezi Februari 2020 chama cha skauti wa kiume cha Marekani kiliomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Watu zaidi ya 82,000 walijitokeza kudai kwamba walidhalilishwa kingono utotoni, na fidia iliyokubaliwa ilifika dola bilioni 2.46. Wazazi wao walikuwa wamewakabidhi kwa watu waliovaa beji. Mkutano wa skauti duniani uliofanyika Thessaloniki mwaka 2002 ulikwisha kupitisha sera ya kuwalinda watoto, na kanuni zinazofundishwa sasa zinaeleweka na mzazi yeyote: mkubwa asijifungie peke yake na mtoto, wakubwa wasilale hema moja na watoto, na mtoto awe na mtu wa kumwambia asiyekuwa kiongozi wake. Nimesikia walimu wakilalamika kwamba kanuni hizo zinawavunjia heshima. Aliye mwema hapungukiwi kitu kwa kuwa na mwenzake pembeni.

Nikiwa darasa la sita tulipiga kambi ya siku moja kando ya mto Zigi. Saa kumi jioni mwalimu wetu alitupanga mstari, tukahesabu. Tulikuja 31, tukaishia 30. Akatuhesabisha tena kwa vikosi, na kiongozi wa kikosi cha Tai, mvulana wa darasa la saba, akataja kwa sauti iliyokauka jina la asiyekuwapo. Mwalimu alivua viatu akaingia mtoni na suruali yake. Watu wa shamba la mkonge walikuja na mapanga na karabai, wakaita mpaka sauti zikawaisha. Saa mbili usiku kaka wa yule mtoto alifika kwa baiskeli. Kichwa kilikuwa kimemuuma, akashika njia. Tangu saa tisa alikuwa kwao, amekula, amelala.

Jumamosi iliyofuata hakuna aliyechapwa. Mwalimu aliandika majina yetu 31 ubaoni. Kila aliyetaka kuondoka alichora duara mbele ya jina lake kwa mkono wake mwenyewe, kisha akangoja. Nukta aliitia mwalimu, baada ya kutoka barazani na kumwona kwa macho mtu aliyekuja kumchukua mtoto. Mama yangu alichelewa siku hiyo kwa sababu ya soko. Tulikaa wawili kwenye ngazi ya baraza, wazi mbele ya watu wa njiani, mpaka nilipoiona kanga yake ikipinda kona ya msikiti, naye mwalimu akainuka akaenda ubaoni.