Pikapu za Njia ya Koboko
Kabla ya lami kutandazwa, katika muongo wa 2010, juu ya njia ya Uganda itokayo Vurra ikapita Arua na Koboko hata Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, yapata kilomita 92, safari ya pikapu ilikuwa adhabu, hususan gari likiwa tupu. Kwa maana springi za nyuma, mabamba ya chuma yaliyopandana, zimeundwa kustahimili shehena, na zikikosa uzito hurusha badala ya kunesa. Hila za kutuliza gari zilikuwapo: magunia ya mchanga juu ya ekseli, kupunguza upepo wa matairi, au kuchomoa bamba moja. Hiyo ya mwisho, kwa rai yangu, ni hasara: siku ya kupakia tumbaku pikapu hukaa kitako. Shokapu mpya ni aula.