Enzi ya Santuri za Mzaha Marekani

Mwaka 1958 pekee, nyimbo tatu za kuchekesha zilishika namba moja kwenye chati za Marekani. Ya Sheb Wooley, The Purple People Eater, ilisimulia habari za dubwana lenye jicho moja lililoshuka duniani kwa hamu ya kupiga rock and roll. Mbili zilizobaki, Witch Doctor na The Chipmunk Song, zilikuwa za Ross Bagdasarian, aliyejiita David Seville. Huyu alirekodi sauti yake kanda ikizunguka nusu ya mwendo, kisha akaipiga kwa mwendo wa kawaida, ikatoka nyembamba na ya haraka kuliko koo la binadamu. The Chipmunk Song ilizoa tuzo tatu katika sherehe ya kwanza kabisa ya Grammy, mwaka 1959, na mojawapo ilikuwa ya ufundi wa kurekodi.

Waliokua na santuri hizo wanazikumbuka kwa mapenzi makubwa, nami naona wana haki. Ila nadhani wanachokililia si mizaha yenyewe. Mzaha wa kubadili maneno ya wimbo hauchekeshi mpaka msikilizaji awe na wimbo wa asili kichwani. Wakenya walioishi kampeni za mwaka 2002 hawahitaji kuelezwa jambo hilo: wimbo wa kanisani uliojulikana na kila mtu ulitiwa jina la Rais Moi, na umati wa muungano wa upinzani, NARC, ukauimba bila kufundishwa. Marekani ya katikati ya karne iliyopita ilikuwa na redio iliyowalisha watu nyimbo zilezile, mjini na shambani, na mchekeshaji akajua hakika kile ambacho jirani yake ameshakisikia.

Aliyeutumia ujuzi huo kwa ustadi usio na kifani ni Spike Jones, mpiga ngoma aliyezaliwa California mwaka 1911. Bendi yake, City Slickers, ilipata jina mwaka 1942 kwa Der Fuehrer's Face, wimbo uliomdhihaki Hitler kwa mlio wa mdomo wa kubeza kila alipoamkiwa. Kazi ya kuisikiliza kwa makini, hata hivyo, ni Cocktails for Two. Wimbo wa asili ulitoka mwaka 1934, wa mahaba, mtulivu. Jones anauanza kwa adabu zote: kwaya laini, mwimbaji mwenye sauti ya asali. Kisha filimbi inalia, bastola inafyatuka, honi na kengele zinaingia, na mwimbaji anashikwa na kwikwi katikati ya neno la mapenzi. Sikiliza tena utagundua kuwa hakuna mlio hata mmoja uliokosea mapigo. Kengele ziko kwenye sauti yake, bastola iko kwenye hesabu. Wale walikuwa wanamuziki wa kiwango cha juu, na fujo ile ilifanyiwa mazoezi.

Allan Sherman alifuata njia ya upole zaidi. Albamu yake ya mwaka 1962, My Son, the Folk Singer, ilichukua nyimbo za kiasili na kuzijaza majina na mambo ya Wayahudi wa mijini, watu wa ukoo wake. Mwaka uliofuata aliuchukua muziki wa dansi kutoka opera ya Ponchielli ya mwaka 1876 na kuugeuza barua ya mtoto anayelalamikia kambi ya likizo. Hello Muddah, Hello Fadduh ilifika namba mbili.

Si zote zinazostahili kuhusudiwa. Witch Doctor inamfanya mganga kuwa kibwagizo kisicho na maana, na msikilizaji wa Afrika hawezi kupita hapo bila kuguswa. Mwaka 1966 Napoleon XIV alitoa wimbo wa mtu anayepelekwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, na upande wa pili wa santuri akaweka wimbo uleule ukipigwa kinyumenyume. Ulifika namba tatu, kisha vituo kadhaa vya redio vikauondoa hewani kwa sababu ya malalamiko. Walalamikaji walikuwa sahihi.

Nyingi kati ya nyimbo hizi zingepotea kama si mtu mmoja. Barret Hansen alisomea muziki wa kiasili hadi shahada ya uzamili katika chuo cha UCLA, na mwaka 1970 alianza kupiga santuri za zamani kwenye kituo cha KPPC huko Pasadena. Siku moja alipiga Transfusion ya Nervous Norvus, wimbo wa mwaka 1956 kuhusu dereva mzembe na damu ya kuongezewa. Mfanyakazi mwenzake akasema anayepiga kitu kama hicho lazima awe na wazimu, na jina la Dr. Demento likazaliwa. Kuanzia mwaka 1974 kipindi chake kilisambazwa nchi nzima. Wasikilizaji walipiga simu kuomba nyimbo, yeye akazipanga kwa kura zao, na santuri iliyosahaulika ikarudi hai. Shaving Cream ya Benny Bell, ya mwaka 1946, ilitolewa upya na kuingia kwenye chati mwaka 1975 kwa njia hiyo.

Kijana mmoja wa Lynwood, Alfred Yankovic, alimtumia kanda zake za kodiani. Tarehe 14 Septemba 1980 aliimba moja kwa moja katika kipindi hicho Another One Rides the Bus, akiugeuza wimbo wa Queen kuwa kisa cha abiria waliobanana kwenye basi. Hakukuwa na bendi. Jon Schwartz, ambaye hakuwa akimfahamu kabla ya hapo, alipiga kwa mikono sanduku la kodiani badala ya ngoma. Rekodi ya usiku ule ndiyo iliyotolewa kama santuri, na kelele zake zote. Miaka minne baadaye Yankovic alitoa Eat It, kwa ruhusa ya Michael Jackson, ingawa huenda sheria isingemlazimisha kuiomba. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew na wimbo wa Roy Orbison, iliamua kwa kauli moja kwamba mzaha wa kibiashara nao unaweza kuwa matumizi halali ya kazi ya mwingine, kwa kuwa hauwezi kuukejeli wimbo bila kuchukua sehemu yake.

Albamu ya Yankovic ya mwaka 2014, Mandatory Fun, iliingia chati moja kwa moja ikiwa namba moja. Tangu Sherman mwaka 1963, hakuna albamu ya vichekesho iliyokuwa imekalia nafasi hiyo. Pengo hilo la miaka 51 linaonyesha jinsi masikio yalivyotawanyika. Leo kila mtu ana orodha yake ya nyimbo, na mtunzi wa mzaha hana budi kwanza kujiuliza ni wimbo gani wasikilizaji wake wote wanaufahamu.

Tom Lehrer, mwalimu wa hisabati na mtunzi wa nyimbo za mzaha aliyeanza kuuza santuri yake ya kwanza mwaka 1953, alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 97. Mwaka huohuo Dr. Demento alitangaza kustaafu, baada ya miaka 55 ya kipindi chake. Lehrer hakuwaachia wanasheria nyimbo zake. Mwaka 2020 aliyatoa maneno yake kwa umma, na mwaka 2022 akaachilia haki zote zilizobaki. Yeyote anayetaka kuziimba, kuzirekodi au kuzibadili maneno anaweza kufanya hivyo bila kulipa senti.