Baitul Mali na Furaha ya Raia

Mara nyingi twasikia watu wakibishana juu ya kodi. Mmoja husema kuwa serikali ikikusanya nyingi ndipo nchi itakapostawi. Mwingine husema kuwa raia akiachiwa mali yake ndipo atakapofurahi. Kabla hatujamkubali huyu au yule, na tutazame katika tarikh mambo yaliyopita zama za Bani Umayya, zaidi ya miaka 1,300 nyuma.

Tangu mwaka 694 mpaka 714 liwali wa Iraq alikuwa Al-Hajjaj bin Yusuf. Wakulima wengi wa nchi ile waliposilimu na kuhamia mijini, jizia ikapungua. Al-Hajjaj hakuridhika. Aliwarudisha vijijini kwa nguvu, akawatoza kama walivyokuwa wakitozwa kabla ya kusilimu. Dola ilikuwa kubwa na wakubwa waliishi kwa fahari, lakini mnyonge alikuwa akilia.

Mwaka 99 Hijria (717) ukhalifa ukamfikia Umar bin Abdul Aziz, ambaye mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.). Tazama alipoanzia. Hakuanza na mfuko wa raia. Alianza na nyumba yake mwenyewe. Imesimuliwa kuwa alimtaka mkewe, Fatima binti Abdul Malik, achague baina ya mumewe na vito alivyopewa na baba yake. Bibi yule akamchagua mumewe, na vito vikaingia Baitul Mali.

Kisha akamwandikia liwali wa Kufa. Akamwamuru asiitoze ardhi iliyoharibika kodi ya ardhi iliyostawi, bali aichukulie kwa kadiri iwezavyo na aitengeneze mpaka istawi. Akaondoa na vile vitozo vidogo vidogo vilivyomkera mnyonge: zawadi za lazima za sikukuu za Kiajemi, bei ya karatasi, ujira wa matarishi, na hata dirham walizotozwa watu wakioa. Lakini kharaji yenyewe hakuifuta. Iliendelea kuchukuliwa, ila kwa upole na kwa haki.

Katika kutoa nako aliangalia haki. Alipoletewa habari kuwa huko Khurasan Waislamu wasio Waarabu wapatao 20,000 wanapigana vitani bila ya posho, na wengine mfano wao wamesilimu na bado watozwa jizia, aliamuru dhulma hiyo iondolewe. Msimamizi wa kodi wa Misri alipomlalamikia kuwa kusilimu kwa watu kumeipunguza hazina, hata imembidi akope ili alipe watu haki zao, Umar alimkemea. Alimkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) aliletwa ili awaongoze watu, si awe mtoza kodi.

Je, raia waliona nini? Yahya bin Said amesimulia kuwa Umar alimtuma Ifriqiya, yaani Tunisia ya leo na pande zake, akakusanye zaka. Alipokwisha kuikusanya alitafuta mafakiri wa kuwapa asiwapate. Basi mali ile akanunulia watumwa, akawaacha huru.

Umar alifariki mwaka 101 Hijria (720), baada ya kutawala kiasi cha miaka miwili na nusu tu. Nchi ile ile ya Ifriqiya ikaletewa liwali mpya, Yazid bin Abi Muslim, aliyekuwa zamani karani wa Al-Hajjaj. Alipotaka kuurudisha mwendo wa bwana wake, haukupita muda walinzi wake mwenyewe, Waberberi, wakamwua. Mwaka 740 Waberberi wa Magharibi wakaasi, na mwaka 750 dola ya Bani Umayya ikaangushwa Mashariki kwa vita vilivyoanzia Khurasan. Zilikuwapo sababu nyingine pia, lakini dhulma ya kodi ilikuwa miongoni mwa kuni za moto ule.

Ndugu msomaji, ardhi ilikuwa ile ile, na raia ni wale wale. Walitozwa chini ya Al-Hajjaj, na walitozwa chini ya Umar. Kilichogeuka ni kuwa mtu aliiona haki katika kuchukuliwa kwake, na akaiona mali yake ikimrudia aliye dhaifu. Mwanadamu haoni uchungu mkubwa kutoa; uchungu wake ni kutoa asijue kilikokwenda.

Na liko funzo la pili. Wema wa mtu mmoja, ujapokuwa mkubwa, hautoshi. Umar alipokufa, mwendo wake nao haukudumu. Haki yataka hesabu inayobaki baada ya mtu kuondoka. Wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisi hatukukabidhiwa hazina ya dola. Lakini wengi wetu tunazo baitul mali ndogo mikononi: fedha ya msikiti, ya chuo, ya wakfu, ya maziko, au mali ya yatima aliyemo nyumbani mwetu. Aliyetoa shilingi yake leo akija kutuuliza imekwenda wapi, tutamwonyesha daftari, au tutamkasirikia kwa kuuliza? Na asipouliza yeye, yuko Atakayeuliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo na katika kingi. Amin.