Toba Iliyochongwa Mbali

Sisi Wagusii, wenye wachonga mawe wa Tabaka, twajua kwamba neno la jiweni hudumu. Ashoka, mfalme wa Bara Hindi, alichongesha toba yake mwambani.

Alipoishinda nchi ya Kalinga, yapata mwaka 261 kabla ya Kristo, watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa. Hesabu hiyo aliitangaza mwenyewe, akakiri kwamba ushindi ule ulimtia majonzi. Babu zetu, waliochomewa nyumba na jeshi la Waingereza mwaka 1908, wangalifurahi kusikia neno kama hilo.

Lakini tazameni. Neno hilo lilichongwa katika miamba ya mbali. Huko Dhauli na Jaugada, ndani ya Kalinga yenyewe, halimo. Mahali pake pana amri kwa maofisa, wawatendee watu haki. Amri ni njema. Ila mjane wa Kalinga hakuona mwambani kwao kwamba mfalme anajuta. Wala nchi yao haikurudishwa.

Ndugu, twaweza kulia kanisani mbele ya wote, na jirani tuliyemsogezea mpaka wa shamba asisikie lolote. Zakayo alirudisha. Nenda kwa jirani yako leo, na neno lako, na kile ulichochukua.